MJADALA: Kupanda soya ili kulungu waje wapigwe, hicho ni kilimo au ni chambo?

Mtoa mada (Iowa)

Wakuu, salaam.

Naileta hoja hii kwa sababu wengi wetu tulioko Iowa, Illinois, Missouri na majimbo jirani ya Marekani tumeanza kuchukua leseni za uwindaji, na kila msimu ukikaribia ubishi ni ule ule. Mtu ana ardhi yake, analima kipande pembeni mwa msitu, anapanda soya, na havuni hata debe moja. Anaziacha zisimame mpaka theluji ianguke, anapanda kwenye dungu lake na upinde au bunduki, anasubiri kulungu waje kula. Wapo wanaosema huo ni ujanja wa kumvizia mnyama akiwa mezani. Wapo wanaosema ni uhifadhi.

Msimamo wangu nautoa mapema: kupanda si kosa. Kosa ni kuwalisha kulungu mwaka mzima, halafu ukapiga dume moja lenye pembe kubwa na kuwaacha majike wote waende zao.

Najua msomaji aliyeko nyumbani atashangaa. Mkulima wa Bunda, Tanzania, anakesha kulinda mahindi yake, tembo wakimshinda anafuatilia kifuta jasho cha serikali. Huku mtu ananunua mbegu na mbolea ili mnyama ale. Historia yake ni hii: mwanzoni mwa karne ya 20, kulungu wa mkia mweupe walikuwa wamebaki laki chache tu Marekani nzima, baada ya miaka mingi ya kuwindwa kwa biashara ya nyama na ngozi. Sheria ya Lacey ya mwaka 1900 ikabana biashara hiyo. Mwaka 1937 ikaja sheria ya Pittman-Robertson, ambayo fedha za ushuru wa bunduki na risasi zinarudi majimboni kuhifadhi wanyamapori. Wanyama wakarudi. Leo wanakadiriwa kufika milioni 30 hivi, na katika majimbo haya ya mahindi na soya mbwa mwitu na puma walishaondolewa zamani. Anayewapunguza sasa ni mwindaji, ugonjwa au gari.

Sasa kwa nini soya? Jani lake lina protini robo nzima au zaidi. Punje yake ina protini kama asilimia 40 na mafuta kama asilimia 20. Kiangazi, dume linaotesha pembe mpya (pembe zile hudondoka kila mwaka) na jike linanyonyesha, wote wanatafuta protini. Ikifika Desemba na Januari wanatafuta kitu cha kuwapa joto, wanakikuta kwenye punje zilizobaki juu ya theluji. Mmea mmoja, kazi mbili. Katikati hapo kuna pengo ambalo wageni wengi hawalijui: Septemba majani yakigeuka manjano, kulungu hulihama shamba na kwenda kuokota mbegu za mialoni msituni. Mtu anakaa kwenye dungu mwanzoni mwa Oktoba, haoni hata mmoja, anadhani wameibiwa. Wanarudi maganda yakikauka na baridi ikikolea.

Nieleze nilichokiona mwenyewe. Jirani yangu, mkulima wa siku nyingi, aliotesha nusu ekari pembeni ya msitu wake, na katikati akasimika kizimba kidogo cha waya ili kulungu wasifikie mimea iliyomo ndani. Mwezi wa saba akanipeleka kuona. Ndani ya waya soya zilikuwa zinanifika kiunoni, zimeshonana, huoni udongo. Hatua moja nje ya waya palikuwa na vijiti vya kijani vya urefu wa kidole, kila kimoja kimekatwa kichwa, na chini yake alama za kwato zimepishana mpaka udongo umekuwa mgumu. Yeye alisema, "Mwakani nitapanda ekari tatu." Ndivyo wataalamu wa mashamba haya wanavyoshauri: panda ekari mbili tatu kwenda juu, au weka uzio wa umeme mpaka soya zipate nguvu.

Mimi nilikisoma kizimba kile kwa namna nyingine. Kama kulungu wanamaliza nusu ekari kabla hata maua hayajatoka, maana yake wako wengi kuliko ardhi inavyowabeba. Ukiongeza ekari, umeongeza midomo. Jike lililoshiba huzaa mapacha, na kwenye ukanda huu wa chakula kingi baadhi ya majike huingia kwenye joto na kushika mimba kabla hata hayajafikisha mwaka. Gharama yake haibaki kwako. Analipa jirani anayelima soya za kuuza. Analipa dereva anayetoka zamu ya usiku mwezi wa Novemba, madume yakiwa yanakimbiza majike barabarani. Kampuni za bima zinakadiria zaidi ya ajali milioni moja za magari na wanyama kwa mwaka nchini humu, na wengi wa wanyama hao ni kulungu.

Kwa hiyo nasema: panda, lakini ukipanda vuna majike kwanza. Nawasilisha.

Kifaru Mweusi (Minnesota)

Mkuu, umezunguka sana. Swali lako mwenyewe hujalijibu: ni kilimo au ni chambo?

Hapa Minnesota nikimwaga ndoo ya mahindi chini ya mti nikakaa juu na bunduki, nimevunja sheria. Iowa hivyo hivyo, Illinois hivyo hivyo. Lakini mwenye trekta na ekari tano anaotesha soya kwa nia ile ile, kulungu yule yule, dungu lile lile, na huyo anaitwa mhifadhi. Tofauti yetu ni mtaji tu. Mnyonge mwenye ndoo anapigwa faini, mwenye shamba anapiga picha na pembe.

Mimi nimefanya kazi kwenye vitalu vya uwindaji wa kitalii Tanzania. Chui tulikuwa tunamtundikia nyama juu ya mti, mgeni anakaa kwenye kibanda anasubiri. Hatukujidanganya kwamba ni kilimo. Tuliita chambo, kikawa na taratibu zake. Texas nao wanaruhusu chambo kwa kulungu waziwazi. Angalau wao hawabagui.

Mtoa mada

Kifaru Mweusi, hoja ya mtaji naikubali, ina uzito. Lakini usiweke ndoo na shamba kwenye kapu moja, kwa sababu ya ugonjwa.

Kuna maradhi ya kulungu yanaitwa CWD. Yaligunduliwa mara ya kwanza mwaka 1967 Colorado, kwa wanyama waliofungiwa kwenye kituo cha utafiti. Mwaka 2002 yakaonekana Wisconsin, na hapa Iowa kulungu wa kwanza wa porini kukutwa nayo alipigwa kaunti ya Allamakee msimu wa 2013. Mnyama hudhoofu, mate humtoka, mwisho hufa. Hakuna chanjo, hakuna tiba. Kinacholeta ugonjwa ni prioni, protini iliyojikunja vibaya, inayotoka kwenye mate, mkojo na kinyesi na kukaa ardhini miaka. Sasa fikiria rundo moja la mahindi linalojazwa kila wiki mahali pale pale, pua kumi zimo humo usiku mmoja. Shambani kila mmoja anachuma mmea wake, anasogea. Sisemi shamba ni salama kabisa, kwani kulungu wakijaa kwenye nusu ekari hatari iko. Ndiyo maana narudi pale pale: ukubwa wa shamba na idadi ya wanyama.

Tena, chambo huwekwa msimu ukifika. Soya inalisha kuanzia mwezi wa sita, na wanaonufaika si kulungu peke yao, wapo bata mzinga wa porini na sungura. Sheria ya Iowa nayo inaitenga wazi: chambo ni chakula kilicholetwa na kuwekwa mahali ili kuvuta mnyama. Kinachotokana na kazi ya kawaida ya kilimo hakimo.

Dada wa Peoria (Illinois)

Samahani kaka zangu, mimi siwindi, nililelewa Kenya ambako uwindaji ulipigwa marufuku tangu 1977, na sioni kama tumekosa kitu. Mnabishana shamba au ndoo. Mimi nauliza kwa nini mnyama alishwe miezi sita ajenge imani na mahali, halafu apigwe hapo hapo? Hata ng'ombe wa machinjio anahamishwa.

Na hizo pembe! Nimeona matangazo ya mbegu, kila gunia lina picha ya dume kubwa. Sijaona gunia lenye picha ya jike.

Mtoa mada

Dada, hilo la magunia umelisema vizuri kuliko mimi. Biashara nzima imejengwa juu ya pembe. Dume halifikishi pembe zake kamili mpaka lina miaka mitano au sita, kwa hiyo mtu anapanda soya miaka yote hiyo akilisubiri moja, na huku majike yanazaa.

Kuhusu imani ya mnyama, sitakubishia kwa hesabu, ni jambo la moyo na ninakuheshimu. Ninachoweza kusema ni kwamba kulungu aliyepigwa vizuri shambani, kwa umbali unaoujua, anakufa haraka. Wale ninaowaona wamevunjika kiuno kando ya barabara kuu hawafi haraka. Kuacha kuwinda Iowa hakutaleta amani ya porini, maana mla nyama wa kuwapunguza hayupo tena.

Mtu wa Uvira (Iowa)

Ndugu zangu, mniruhusu na mimi niseme. Mimi niko kwenye kiwanda cha nyama, sina ardhi. Leseni yangu nalipia kama wote, na nawinda kwenye msitu wa umma, kwa sababu Iowa karibu ardhi yote ni ya watu binafsi na ya umma ni kidogo sana.

Sheria inasema kulungu wa porini si mali ya mwenye shamba. Ni wa wote, jimbo ndilo linamsimamia, hata akilala kwenye ardhi yako. Sasa ng'ambo ya uzio wa msitu wetu kuna mtu amepanda soya. Desemba unaona nyayo kwenye theluji, zote zinaelekea upande mmoja. Mnyama wa wote anatolewa kwetu kwa chakula, anakuwa wa mtu mmoja. Mtoa mada anasema piga majike. Vizuri. Nani atayapiga? Mwenye shamba hataki kelele za bunduki zimtishie dume lake. Mimi ninayetaka jike kwa ajili ya nyama, watoto wangu wale, siruhusiwi kuvuka.

Mtoa mada

Ndugu, hapo ndipo penyewe, na nashukuru umelitamka.

Njia zipo. Vibali vya majike Iowa hutolewa kwa idadi maalumu kila kaunti, na mwenye shamba asiyetaka nyama anaweza kupeleka kulungu mzima kwenye bucha zilizo kwenye mpango wa HUSH bila kulipa, nyama ikasagwa ikaenda kwa wenye uhitaji. Missouri wanao wa Share the Harvest tangu 1992. Kwa hiyo "sina pa kupeleka nyama" si sababu.

Lakini la kwako ni la kuvuka uzio. Jimbo lina mpango wa IHAP: mwenye ardhi anasaidiwa kutengeneza makazi ya wanyamapori shambani kwake, naye anafungua ardhi hiyo kwa wawindaji wa umma waingie kwa miguu. Mimi ningependa anayepanda soya kwa ajili ya kulungu afungue hata wiki moja ya majike, baada ya yeye kumaliza kulisubiri dume lake. Kama humu ndani yupo mwenye shamba, aseme kinachomzuia: ni bima, ni usalama, au ni pembe?