UKOO WA KIBOSHO 🍌

[18:04] Shangazi Pasua: Shikamooni wakubwa. Mama Brayo ameanza zamu ya usiku leo, Brayo yuko kwa Mama Kevi hapo Majengo. Kaandikiwa dawa ya macho, tone moja kila jicho mara 4 kwa siku, siku 7. Nataka majina. Wawili wawili, mmoja kushika mmoja kutia

[18:05] Shangazi Pasua: Saa 1 asubuhi, saa 6, saa 11, saa 3 usiku. Haya

[18:41] Shangazi Pasua: Naona mmesoma

[18:43] Anko Fundi: Mimi ninayo ya ule mlipuko wa macho mekundu 2024, imebaki nusu. Nilete?

[18:44] Shangazi Pasua: Ikishafunguliwa wiki 4 basi, tena hata haijulikani kama ni dawa moja. Kalainishie mnyororo wa bodaboda

[18:44] Anko Fundi: Uone mashimo mbali 😂😂

[18:50] Mama Brayo: Niko kwenye daladala. Jana tulimshika watatu, tone likaishia sikioni. Mimi nikala teke la pua

[18:53] Shangazi Pasua: Mnagombana na kope. Osheni mikono, futeni tongotongo kwa pamba na maji yaliyochemshwa yakapoa, kila jicho pamba yake. Mlaze chali, mikono ndani ya khanga. Akifumba MWACHE AFUMBE. Dondosha kwenye kona ya jicho upande wa pua. Akifumbua tu inaingia yenyewe. Ncha ya chupa isiguse jicho

[18:54] Anko Fundi: Na akigoma kufumbua?

[18:54] Shangazi Pasua: Mwambie anko wake kaleta biskuti

[18:55] Anko Fundi: Hapo hata mimi nafumbua

[19:20] Dada Neema Arusha: Ndio natoka sokoni Kilombero. Si Mama Kevi anaweza zote, mtoto yuko kwake?

[19:26] Mama Kevi: Nimelea watoto wa watu humu. Sufuria yangu ya kipaimara ikarudi haina mfuniko. Sisemi

[19:27] Shangazi Pasua: Mama Kevi, hiyo ni 2019

[19:27] Mama Kevi: Nimesema sisemi

[19:29] Anko Fundi: Mfuniko uko Rau unafunikia mbege 🏃🏾

[19:40] Shemeji Uru: Kwani zamani si walikuwa wanakamulia maziwa ya mama tu, au maji ya majani? Siku mbili mtoto mzima

[20:12] Babu: NIMESOMA YOTE. MDOGO WANGU ALITIWA MAJI YA MAJANI AKIWA NA MIAKA 3. MNAMJUA. NDIYE MNAYEMSHIKA MKONO KUVUKA BARABARA. MTOTO ATIWE DAWA YA HOSPITALI. MFUNIKO NITANUNUA MIMI.

[20:31] Dada Neema Arusha: Sawa Baba 🙏🏾

[20:33] Shemeji Uru: Nisamehe Baba

[20:38] Mama Kevi: Shikamoo Baba. Asubuhi na usiku nitatia. Mfuniko usinunue

[20:39] Shangazi Pasua: Asante Mama Kevi. Nani anashika? Saa 6 na saa 11 nani?

[20:58] Shangazi Pasua: ???

[21:03] Mama Kevi: Kalala, huu ndio wakati mzuri. Khanga ninayo. Chupa iko wapi?

[21:04] Shangazi Pasua: Mama Brayo?

[21:22] Mama Brayo: Jamani. Iko kwenye mkoba wangu huku kazini

[21:23] Anko Fundi: Nawasha pikipiki. Mafuta nani?