Wahandisi tupeane uzoefu: mawazo ya michoro mnayahifadhi wapi?

Mchora_Gia: Wakuu, leo nimepekua kabati la ofisini nikakuta daftari la mhandisi aliyestaafu. Michoro ya penseli mwanzo mwisho, na pembeni kaandika kwa nini kila wazo lilikataliwa. Faili la kompyuta linakuonyesha lililoshinda tu. Nyie mnatumia nini? Daftari, ubao, kishkwambi?

Nondo16: Daftari la grafu, penseli ya 0.5. Basi.

BiSpana: Kama mimi. Halafu napiga picha kwa simu.

Torki: Penseli inafutika! Daftari la kazi ni wino, kurasa zina namba, ukikosea unapiga mstari mmoja, hunyofoi karatasi. Kesho mtu akidai wazo ni lake utaonyesha nini?

Nondo16: Wino ni wa makarani. Mimi nachora, sisaini mkataba.

Torki: Marekani watu walishinda kesi za hataza (haki ya kumiliki uvumbuzi) kwa daftari lenye tarehe na saini ya shahidi.

Valvu: Zamani. Kwa maombi ya kuanzia tarehe 16 Machi 2013, sheria yao inamtazama aliyetangulia kuwasilisha, siyo aliyetangulia kuwaza. Daftari bado litakufaa ukitaka kuthibitisha kwamba umeibiwa wazo, ila usililalie.

Fundi_Kimya: Mada imenitonesha kidonda. Tulikuwa tunasanifu kasha la nje la pampu, la chuma cha kusubu, yaani kinachoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu. Kila kitu kiko kwenye programu ya kulipia kwa mwezi, mafaili yanakaa kwao. Mhasibu akaona gharama ya bure, akasitisha malipo bila kumwambia mtu. Asubuhi tunafungua: mchoro unaonekana ila haugusiki! Na mteja keshafika, anataka ukuta upunguzwe kutoka milimita 8 hadi 5 ili uzito ushuke.

Tukakumbuka kuna nakala ya STEP, aina ya faili la umbo linalofunguka kwenye programu nyingi. Ikafunguka kwenye programu nyingine, tukashangilia. Kumbe ni umbo bubu. Zile hatua zote za usanifu hazimo, huwezi kubadilisha namba moja mengine yakafuata. Tukaanza kupima upya kila tundu na kila kona. Hadi usiku wa manane bosi anapitapita nyuma ya viti vyetu, hasemi neno. Bora angefoka.

Kesho yake tunamwonyesha mteja ukuta wa 5. Binti mmoja wa mafunzo kwa vitendo, ambaye kazi yake ilikuwa kuchapisha makaratasi, akafungua daftari lake: "Samahani kaka, si mlisema kwenye kikao kwamba chini ya 6 chuma kinaganda kabla hakijajaza kalibu?" Mteja akageuka, akamtazama bosi...

Naitwa kikaoni, nitarudi.

Valvu: Mkuu usituache njia panda!

BiSpana: Huyo binti aliajiriwa?

Torki: Mmeona? DAFTARI.

Nondo16: Muulize kama hakuandika kwa penseli.

Kona90: Turudi kwenye mada. Wa AutoCAD, ile programu ya kuchorea, ikizimika ghafla usilie. Tafuta faili la .bak kando ya faili lako, badilisha mkia uwe .dwg. Lile linalojihifadhi lenyewe lina mkia wa .sv$ na linakaa kwenye folda ya muda. Ukifunga programu kwa utaratibu linafutwa, kwa hiyo siyo ghala.

Mkono_wa_Kushoto: Ubao mweupe unatosha. Wazo likifika Ijumaa halijafutwa, linastahili kuchorwa.

BiSpana: Wetu una mchoro umeandikwa USIFUTE tangu kabla sijaajiriwa. Hakuna anayejua ni wa nini.

Mchora_Gia: Kwa hiyo kishkwambi ninunue au nisinunue?

Nondo16: Nunua.

Torki: Usinunue.

Valvu: Chora popote, ila kazi ikikamilika toa faili asilia, STEP na PDF. Sababu za vipimo ziandike kwenye PDF, maana STEP itabeba umbo, haitakueleza kwa nini ukuta ni 6.

Kona90: Na flashi?

Valvu: Flashi ni ya kusafirishia.

BiSpana: @Fundi_Kimya kikao gani hicho hakiishi? Bosi alijibu nini?