Kupiga na kukata laini ya ruta ya modemu kutoka terminali tupu ya Linux

Nyaya3
Wakuu, habari. Ruta ya mtandao wa ndani ni kompyuta yenye Debian, modemu ya simu iko ttyS0. pppd (programu inayounganisha mtandao kupitia modemu) inapiga yenyewe kwa `demand` (paketi ikihitaji kutoka) na kukata kwa `idle 300` (sekunde 300 bila shughuli). Watumiaji wako kwenye mashine za Linux zisizo na madirisha, terminali tu. Nataka waweze kupiga, kukata na kujua hali ya laini bila kupewa root (haki zote za msimamizi) ya ruta. Tatizo: nikikata kwa `poff` (amri ya kuzima pppd), ruta haipigi tena mpaka iwashwe upya. Halafu `ip addr` inaonyesha ppp0 ipo muda wote, hata simu ikiwa imekatwa. Natanguliza shukrani.

Bandari22
Mkuu, yote mawili yana mzizi mmoja. Kwenye `demand`, pppd inatengeneza ppp0 mapema, inaipa anwani ya bandia, kisha inasubiri paketi inayokwenda nje ndipo ipige. Kwa hiyo kuwepo kwa ppp0 hakusemi lolote kuhusu simu. Na `poff mtoa` inatuma SIGTERM: pppd inakufa, hakuna aliyebaki wa kupiga. Tumia `poff -r mtoa`. Hiyo inatuma SIGHUP, simu inakatwa na pppd inarudi kusubiri. ("mtoa" ni jina la faili lako ndani ya /etc/ppp/peers.)

Hali ya laini iandikwe na pppd yenyewe. Kwenye /etc/ppp/ip-up.d/laini:

```
#!/bin/sh
echo "$PPP_LOCAL tangu $(date +%H:%M)" > /run/laini
```

Kwenye /etc/ppp/ip-down.d/laini weka `rm -f /run/laini` chini ya mstari uleule wa kwanza. Zote mbili chmod 755, na jina lisiwe na nukta: ukiita `laini.sh`, run-parts (inayoendesha skripti za folda hizo) inairuka kimyakimya.

Sasa mlango wa watumiaji. Fungua akaunti `simu` kwenye ruta, na /usr/local/bin/laini iwe hivi, nayo chmod 755:

```
#!/bin/sh
case "$SSH_ORIGINAL_COMMAND" in
piga) ping -c 1 ANWANI_YA_NJE >/dev/null ;;
kata) sudo /usr/bin/poff -r mtoa ;;
hali) cat /run/laini 2>/dev/null || echo imekatika ;;
*) echo "piga | kata | hali" ;;
esac
```

Sudoers (faili la ruhusa za sudo), ihaririwe kwa visudo:

```
simu ALL=(root) NOPASSWD: /usr/bin/poff -r mtoa
```

Na kwenye authorized_keys ya `simu`, mbele ya kila ufunguo:

```
command="/usr/local/bin/laini",restrict ssh-ed25519 AAAA...
```

Mtumiaji anaandika `ssh simu@192.168.1.1 hali`, basi. Hapati shell hata akijaribu. Jibu la ping lisiwashughulishe: paketi hiyo ya kwanza inaondoka na anwani ya bandia, kwa hiyo mara nyingi hairudi ingawa simu imeshaunganika. Waulize `hali`.

mkia_wa_logi
Naongezea mtego mmoja. OpenSSH ya kabla ya 6.8 kwenye ruta ina `UseDNS yes` kwa chaguo-msingi. Mtu akiuliza `hali`, sshd inatafuta jina la mashine yake kwenye DNS ya nje, na swali hilo lenyewe linapiga simu! Weka `UseDNS no`, na mashine za ndani ziandikwe kwenye /etc/hosts ya ruta.

Nyaya3
Asanteni sana, `hali` na `piga` zinafanya kazi. Ila `kata` inakata, kisha baada ya muda mfupi inapiga tena. Na usiku laini haifiki `idle`.

mkia_wa_logi
Kuna kitu kinatuma paketi. Baada ya `kata`, pppd inasubiri muda wa `holdoff` tu (sekunde za kungoja kabla ya kupiga tena). Muda huo ukiisha, paketi yoyote inapiga simu upya. Mtafute mhusika ukiwa kwenye ruta:

```
tcpdump -n -i ppp0
```

Hiyo `-n` usiisahau, la sivyo tcpdump nayo itaanza kuuliza DNS. Mtuhumiwa wa kwanza ni NTP (ya kulinganisha saa), bandari 123, kisha masasisho ya otomatiki. Kama ni NTP, ongeza kwenye faili la peers:

```
active-filter 'outbound and not udp port 123'
```

NTP haitapiga simu wala kurudisha saa ya `idle` mwanzo, ila itapita laini ikiwa hewani. Neno `outbound` nalo lina kazi: bila hilo, takataka zinazoingia kutoka nje zinaishikilia laini usiku kucha.

Bandari22
Angalia na `maxfail`. Chaguo-msingi ni 10: simu zikishindikana mara 10 mfululizo, pppd inajifunga na utarudi kwenye shida yako ya mwanzo. `maxfail 0` inaondoa kikomo, lakini namba ikiwa na kosa ruta itapiga bila kukoma. Mimi ningeiacha 10, niweke `holdoff 60`, na kuongeza `washa` kwenye skripti inayoita `sudo /usr/bin/pon mtoa`, yaani kuiwasha pppd tena (sudoers nayo iongezwe). Sababu ya kushindwa ataiona msimamizi kwa `plog` (amri ya kusoma logi ya pppd): BUSY, NO CARRIER au NO DIALTONE (hakuna mlio wa laini). Hiyo ya mwisho ikitokea wakati mlio wa laini upo, modemu haiutambui. Weka ATX3 (amri ya kupiga bila kusubiri mlio) kabla ya ATDT (amri ya kupiga namba) kwenye skripti ya chat, inayozungumza na modemu.