Tupeane uzoefu: mzee wa kwenu mwili ulimgomea na miaka mingapi, na huko kwenu kuna nini?

Mgogo wa Tabata
Wakuu, salaam. Mwezi uliopita nilikuwa Marangu, ukweni. Baba mkwe ana miaka 81. Saa kumi na mbili asubuhi nikamkuta keshashuka kihambani, shamba la nyumbani, na panga, anakata majani ya ng'ombe. Mzigo akaupandisha mwenyewe, kilima ambacho mimi wa miaka 39 nilikipanda kwa vituo.

Bibi yangu mzaa mama, wa Kongwa, ni mdogo kwake kwa miaka mitano. Haoni. Na uzee hauhusiki kabisa, ni ugonjwa wa vikope.

Mliokulia Kongwa mnajua. Inzi, vumbi, maji ya kufuata mbali. Mtoto ananawa uso siku maji yakibaki. Ugonjwa unakuja utotoni, unapoa, unarudi. Miaka inapita, kope la juu linafanya makovu kwa ndani, linajikunja, nywele zake zinaanza kukwaruza mboni kila mtu akipepesa. Bibi alikuwa na kibano amekifunga kwenye pindo la kanga. Jioni anakaa mlangoni penye mwanga, ananiita: "Njoo uning'oe." Nilikuwa na miaka tisa, nang'oa kope za bibi yangu moja moja. Zinaota tena, na zikiota fupi ndiyo zinachoma zaidi.

Watu wa afya wana hesabu mbili: miaka ya kuishi, na miaka ya kuishi ukiwa mzima. Kwa makadirio ya WHO ya 2019, Mtanzania aliyezaliwa mwaka huo alitarajiwa kuishi kama miaka 67, lakini yenye afya ni kama 58. Sasa hiyo ni ya nchi nzima. Ukimchukua baba mkwe na bibi, ukajumlisha ukagawa kwa mbili, unapata mtu ambaye hayupo Marangu wala Kongwa.

Kwa hiyo msinipe umri wa kufa. Nipeni mwaka wa mwisho mzee wenu alipofanya kitu fulani kwa mikono yake, na huko kwenu ni nini kilimkatisha.

Ngarenanyuki Kwetu
Mkuu, kwetu ni maji yenyewe. Upande wetu wa Meru maji yana madini ya floraidi kupita kiasi. Kila mtu anatucheka meno ya kahawia, nimetoka shule ya bweni nimezoea kucheka nimefunika mdomo. Watu wanadhani yanaishia kwenye meno.

Mzee wangu aliacha kukama ng'ombe akiwa na miaka 54 kwa sababu hawezi kuchuchumaa. Mgongo umeganda. Shingo haigeuki, ukimwita anageuka mwili wote kama mtu aliyejitwisha ndoo imejaa. Hospitali walimpiga picha wakasema ni mifupa, floraidi ya miaka yote. Hakuna dawa ya kuirudisha.

WHO wanasema isizidi miligramu 1.5 kwenye lita. Sisi kwa miaka mingi kiwango cha nchi kilikuwa 4, na kuna vyanzo vinapita hata hapo. Halafu mama zetu wanatia magadi kwenye makande yaive upesi, kumbe magadi mengine nayo yamebeba floraidi ileile. Ngurdoto kuna kituo cha serikali kinachuja maji kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Nikamletea mzee kichujio. Akauliza kimetengenezwa na nini, nikakosea nikamwambia ukweli. "Maji ya mifupa wanywe fisi." Wajukuu ndio wanayanywa.

Mwana wa Pangani
Mtanisamehe, naandika kitu ambacho kwetu hakisemwi mezani. Busha.

Baba alikuwa fundi wa madau, mkono wake unajulikana. Kwenye 45 hivi likaanza, akawa anavaa kanzu siku zote, hata kazini. Tukadhani ni uchamungu. Kisha akaacha kupanda juu ya chombo, akawa anaelekeza vijana akiwa amekaa kwenye gogo. Msikitini akahamia safu ya nyuma kabisa, ukutani. Baadaye akawa anaswalia nyumbani. Miaka 15 hivi imekwenda hivyo, na mtu hana homa, hana kikohozi, anakula vizuri.

Vimelea vinaletwa na mbu, wale wa maji machafu ya makaro. Pwani yote hii, Tanga mpaka Lindi na Mtwara, mabusha na matende ni yetu. Dawa za kumeza za mara moja kwa mwaka zilipokuja, wengi walizitupa wakisema zinamaliza nguvu za kiume. Baba naye alizitupa. Na kwa aliyekwisha vimba, vidonge havilirudishi, ni kisu tu.

Kafanyiwa upasuaji na miaka 61, kambi ya bure. Wiki ya tatu kaomba suruali.

Mjini Raha
Jibu ni jepesi wakuu, waleteni wazee Dar. Madaktari bingwa wapo, vipimo vipo, mnalia nini?

Nesi Mstaafu
Mwanangu Mjini Raha, nimekaa wodini miaka 31, ngoja nikupunguzie raha kidogo. Kuna utafiti ulifanyika 2003 hadi 2006, watafiti wakahesabu kiharusi wilaya ya Hai, Kilimanjaro, na hapa Dar. Wakishasawazisha tofauti za umri, Hai walipata kama watu 109 kwa kila laki moja kwa mwaka. Dar 316. Karibu mara tatu.

Mimi si mtafiti, nasema ninachokijua kitandani. Wanakuja watu wa miaka 55 mdomo umekwenda upande, ukiuliza presha walipima lini, hawajawahi. Hospitali ipo vituo viwili vya daladala kutoka kwake! Anakaa dukani kuanzia asubuhi, mchana chipsi, usiku chipsi, chumvi anaongeza kabla ya kuonja. Yule akirudi nyumbani anaishi, ndiyo, anaweza kuishi miaka 20. Ananyweshwa uji na binti aliyeacha kazi.

Mleta uzi, baba mkwe wako anaponea kile kilima. Akihamia Tabata usimpe kochi.

Mjini Raha
Mama nimekuelewa. Naenda kupima.

Ng'wana Shinyanga
Yangu fupi. Kwetu miti imekwisha, bibi amepikia mavi ya ng'ombe yaliyokaushwa tangu ameolewa. Moshi ule unafanya macho mekundu. Kwa Wasukuma mnajua macho mekundu ya kikongwe yanatafsiriwa uchawi, na wangapi wamekatwa mapanga kwa hilo.

Bibi alikuwa na nguvu zake, analima. Jirani akafiwa na mtoto, maneno yakaanza. Baba na wadogo zake wakamhamishia mjini usiku kwa pikipiki. Hana shamba, hana shoga, haendi hata gengeni. Ndani ya miaka miwili akawa hawezi kusimama bila kushikwa. Ukimpima hospitalini bibi yangu haumwi chochote.

Bint Makunduchi
Poleni jamani, huyo wa Shinyanga kaniliza.

Sisi Unguja tuna pencheni jamii, tangu Aprili 2016, kila aliyefika miaka 70, awe alikuwa mwajiriwa au mvuvi. Ilianza elfu 20 kwa mwezi, watu wakacheka. Bibi yangu hakucheka. Alikuwa anakula muhogo mkavu, pesa ikija ananunua samaki na vidonge vya presha, siku akikosa zahanati, bila kusubiri mwanawe atume. Kwenda kupokea alikuwa anajipaka wanja. Na ile safari tu ya kwenda pamoja na wenzake ilimtoa ndani.

Ngarenanyuki Kwetu
Bara tunaambiwa matibabu bure kwa mzee wa 60 asiyejiweza. Mzee wangu ana kadi. Dirishani wanaipokea kwa heshima zote, wanamwandikia dawa, wanasema akanunue nje.

Nesi Mstaafu
Hilo nalijua, na nimewahi kuwa upande wa ndani wa dirisha hilo. Aibu tupu.

Mgogo, bibi alisawazishwa kope?

Mgogo wa Tabata
Alisawazishwa, mama. Walikuja zahanati ya kijiji, bure, ganzi na nyuzi chache, jioni ileile yuko kwake. Jicho la kushoto lilikuwa limeshakufa, la kulia anaona kivuli, anajua nimesimama wapi. Maumivu ndiyo yamekwisha.

Kibano bado kipo kwenye pindo. Anawatoa wajukuu miiba miguuni, kwa kupapasa.