CT ya tumbo inaweza kusema kama mifupa ya mgongo imeisha nguvu?

BintiWaKayole: Wadau habari za jioni. Mamangu ana miaka 67, alipigwa CT ya tumbo juu ya mawe ya figo, figo ziko sawa, shukran kwa Mungu, lakini huko mwisho wa ripoti wameandika pingili za mgongo zinaonekana zimepungua mfupa. Sasa mwaka jana alipimwa DEXA, ile eksirei ya kupima uimara wa mifupa, wakasema mgongo uko normal kabisa. Niamini gani? Anameza prednisolone miaka mingi kwa ajili ya baridi yabisi, na naona amefupika, rinda zake zinaburuta siku hizi. Daktari aliyetuandikia CT alisema yeye hiyo ya mifupa haimhusu. Nimeshindwa kulala.

Mpiga_Eksirei: Pole dada. Hizo ripoti mbili zinaweza kutofautiana na hakuna mashine iliyoharibika. DEXA ni picha bapa, inahesabu kila kitu chenye kalsiamu kilicho kwa njia yake, sasa mtu wa umri huo akiwa na vijimfupa vimeota pembeni ya pingili, ama mshipa mkubwa wa damu pale mbele umeshika kalsiamu, vyote vinaongezwa kwa hesabu na mgongo unaonekana mzuri kuliko ulivyo. CT inakata vipande, kwa hivyo unaweza kupima ndani ya pingili peke yake, ile sehemu yenye matundu kama sifongo, na hapo ndipo steroidi kama hiyo prednisolone huanza kula. Picha mnazo tayari, msilipie nyingine! Omba mtaalamu wa radiolojia aweke duara ndani ya pingili ya L1, ile ya kwanza ya kiuno, asome yuniti za Hounsfield, yaani namba za CT za kuonyesha kitu kimeshikana kiasi gani, maji ni 0. Ikipita 160 osteoporosisi, yaani mifupa kuisha nguvu, haielekei kuwepo, ikiwa 110 kushuka hapo shaka ni kubwa, katikati hapo lazima apimwe zaidi. Alidungwa dawa ya kung'arisha mishipa? Hiyo hupandisha namba.

Shosh_wa_Umoja: Na waangalie picha za ubavuni binti yangu, hiyo ndiyo ya maana kuliko namba yoyote. Mimi pingili yangu ilikuwa imebonyea na sikuwahi kuanguka, nilidhani ni uchovu wa shamba tu.

Mpiga_Eksirei: Shosh amesema kweli. Pingili ikipoteza kama asilimia 20 ya urefu wake hiyo tayari ni kuvunjika, na wengi hawasikii maumivu ya kuwapeleka hospitali. Mama kufupika inanipa wasiwasi huo huo.

BintiWaKayole: Asanteni sana jamani. Nimeangalia, CT ilikuwa bila dawa ya mshipa. Kuna mtu ameniambia nitafute QCT, ni kitu tofauti?

Mpiga_Eksirei: Ni CT hiyo hiyo ikiwa imelinganishwa na kifaa ambacho msongamano wake unajulikana, jibu linatoka kwa miligramu: chini ya 80 kwa sentimita moja ya ujazo ni osteoporosisi, 80 hadi 120 imepungua. Usilinganishe na ile -2.5 ya DEXA, alama wanayoanzia kuita osteoporosisi, ni vipimo viwili tofauti. Lakini anza na CD mliyo nayo, itisha L1 na picha za ubavuni, kisha umpelekee daktari anayempa prednisolone, yeye inamhusu kabisa. Na tafadhali mama asiache hizo tembe ghafla kwa kuogopa, mwili uliozizoea unaweza kuzimia.

BintiWaKayole: Sawa, CD iko kwa kabati, kesho naenda nayo.

Shosh_wa_Umoja: Mwambie pia asibebe mtungi wa maji mpaka majibu yatoke.