Shemeji kapigwa na kisahani tukicheza park, namba ya aliyerusha ninayo, nifanyeje?

Mchaga wa Theluji:
Habari za Jumapili wakuu. Naomba ushauri, tangu jana sijalala. Niko Minnesota huku Marekani, kaka yake mke wangu kaja kututembelea kutoka Moshi, jana tukamtoa nje tukacheze diski gofu, ule mchezo wa kurusha visahani vya plastiki mpaka viingie kwenye kikapu cha minyororo, kama gofu ila wanahesabu mirusho. Tuko shimo la 7 tunamalizia, ghafla kisahani kikatokea nyuma ya miti, hakuna aliyepiga kelele wala nini, kikampata shemeji juu ya jicho, damu tupu. Tukamkimbiza emajensi, kashonwa, anaendelea vizuri ila bima hana, na mnaoishi huku mnajua bili za emajensi zinavyokuja. Sasa kisahani ninacho mimi na nyuma kimeandikwa jina na namba ya simu ya mwenyewe. Nimpigie alipe, niende polisi, au nimposti kwenye grupu la wachezaji wa hapa wamjue? Posti nimeshaiandika, bado kubonyeza.

binti_kahama:
Pole sana kaka, pole na kwa shemeji. Mke wako anasemaje? Maana hapo ni damu ya kwao iliyomwagika, ukikaa kimya utaulizwa na ukoo mzima.

Kichwa Ngumu:
Kurusha kisahani si ile ya Olimpiki? Kile cha wanaume kina kilo 2, kingempata juu ya jicho saa hizi tungekuwa tunachanga rambirambi.

Minyororo:
@Kichwa Ngumu hiki ni kingine, uzito wake ni kama gramu 175, lakini usikidharau, vya kurushia mbali vina ukingo mwembamba na mgumu na wanaojua wanakirusha kwa kasi kuliko gari la haiwei. Mtoa mada, mimi nacheza huu mchezo. Hao waliorusha walijua kwamba mko mbele?

Mchaga wa Theluji:
Walijua vizuri sana. Walikuwa nyuma yetu tangu shimo la 4.

Baba Junior Tegeta:
Zamani nilikuwa nabeba mabegi ya wachezaji gofu Dar. Mzungu mmoja alikuwa hapigi mpira mpaka nitangulie kona nimpungie mkono kwamba njia nyeupe. Na mpira ukienda kombo wote wanapiga ukelele, unainama unaficha kichwa, hugeuki kuangalia. Nilisomesha wadogo zangu kwa ile kazi, siku hizi vijana hawaitaki wanataka bodaboda.

Minyororo:
Mkuu, kundi linakaa nyuma yenu mashimo matatu na hamkuwapisha? Mlikuwa wangapi?

Mchaga wa Theluji:
Sioni inahusiana vipi na jicho la shemeji.

Minyororo:
Inahusiana, maana ukimpigia hilo ndilo la kwanza atakalokwambia.

Mchaga wa Theluji:
Haya. Tulikuwa 7, na watoto humo humo. Walikuja mara mbili kuomba wapite, nikawaambia wasubiri kwa sababu kisahani cha binti yangu kilikuwa kimezama kwenye theluji, tungeondokaje bila kukipata, mtoto analia. Park ni ya wote, kodi nalipa kama wao, na yule mrefu aliongea kwa dharau. Mtu akicheleweshwa ndo anarushia watu?

mwana_wa_kigoma:
Chai hii. Januari, Minnesota, maziwa yameganda mpaka watu wanaendesha magari juu yake, halafu nyie mko nje mnarusha visahani kwenye theluji na mgeni wa Moshi? Ongeza sukari.

Kichwa Ngumu:
Nilishangaa pia, mchezo wenyewe ndo naujua leo.

Mchaga wa Theluji:
Nani anatunga damu ya shemeji yake? Huku watu wanacheza mwaka mzima. Tunabandika utepe wa rangi chini ya kisahani kwa selotepu, kikizama utepe unabaki juu. Cha binti utepe ulibanduka, ndiyo maana tukachelewa.

Minyororo:
Ya utepe ni kweli, hilo halijui mtu asiyecheza. Na mchezo si wa jana, chama chao PDGA kilianzishwa 1976.

Mkuu, kuna mambo mawili hapa, usiyachanganye. Kutowapisha ni kukosa adabu ya uwanja. Kundi kubwa lenye watoto likiona wa nyuma wanasubiri, linasogea pembeni, linawaambia piteni, dakika tano wameshapotea. Lakini kurusha wakati kuna watu mbele ni hatari, na hata mngekuwa 20 mmekaa mnachoma nyama pale, haki ya kurusha hana. Sheria ya PDGA inasema usirushe mpaka uwe na uhakika kwamba hutamkengeusha mchezaji mwingine wala kumdhuru mtu. Shimo linalopinda nyuma ya miti unamtuma mwenzako kwenye kona aangalie, anyooshe mkono. Na kikishakutoka vibaya unapiga kelele. Huyo hakufanya lolote. Kosa lake lipo, na la kwenu lipo, ila aliyemtoa mtu damu ni yeye.

mwana_wa_kigoma:
Sawa naondoa chai. Pole kwa mgonjwa.

binti_kahama:
Ile posti ifute kabisa. Ukiweka jina na namba ya mtu hadharani wewe ndiye utakayetafutwa.

Mchaga wa Theluji:
Nimefuta. Lakini kisahani simrudishii mpaka bili ilipwe.

Minyororo:
Kisahani ni dola kama 20 tu na kimeandikwa jina ili kirudi. Kipige picha pande zote na jeraha pia, tunza karatasi za hospitali, halafu mpigie. Mwambie shemeji kashonwa, hana bima, bili inakuja, ungependa msaidiane. Ya kutowapisha yaseme wewe kabla hajayasema yeye. Akikataa, kuna mahakama za madai madogo, huhitaji wakili. Hospitali nako waulize punguzo kwa asiye na bima, nyingi zinalo ila hawakwambii usipouliza.

Mchaga wa Theluji:
Nampigia jioni, shemeji akiwepo. Ila yule mrefu sitamuomba radhi.

Baba Junior Tegeta:
Jina kwenye kisahani ni la huyo mrefu au la mwingine?

Mchaga wa Theluji:
Sijui mzee wangu. Walikuwa wanne.

Baba Junior Tegeta:
Basi anza kwa kuuliza hilo.