Kulala kwa gari msituni Aberdare, wapi kumetulia?

Habari wadau, mimi na mke wangu tunatoka Nairobi Ijumaa, tunataka kulala ndani ya gari msituni upande wa Aberdare, mahali hakuna muziki wala watu. Tuanzie wapi?

Jibu: Jaribu msitu wa Kereita, unaingilia mji wa Kimende. Fika mapema, lipa getini halafu uongee na renja mwenyewe, mwambie hutaki kukaa karibu na wenye spika, marenja ndio wanajua pahali gari itafika na pahali haitatoka.

Jibu: Na ndovu wako huko, so ukiona kinyesi kibichi na matawi yamevunjwa vunjwa hiyo ni njia yao, songa kabisa hata kama pamekupendeza. Usipaki chini ya tawi kavu, gari iangalie kwa kutokea, mvua ikinyesha huo udongo unateleza vibaya.

Asanteni sana. Baridi je?

Jibu: Baridi ni kali, bebeni blanketi nzito na mfungue dirisha kidogo, la sivyo vioo vitalowa ndani. Lakini jiko la makaa msiingize kwa gari tafadhali, hata mkiganda, hewa yake inaua mtu akiwa usingizini.